Vifungo vya Asili na Kifungo cha Ubatizo: Tathmini ya Mafundisho ya Bruno Gutmann juu ya Ujenzi wa Usharika

1. Utangulizi

Usharika hujengwa juu ya nini? Jibu la imani twalijua sote, nalo limeandikwa katika 1 Wakorintho 3:11. Lakini kazi ya mchungaji wa mtaa huanza pale ambapo jibu hilo limekwisha kutolewa. Watu anaopewa kuwachunga si mawe yasiyo na historia. Wana koo zao, majirani zao, mashamba yao, madeni yao na marehemu wao. Je, mchungaji ajenge kwa kufuata kuta hizo alizozikuta, au aanze kuchimba msingi mpya mahali pengine?

Katika nchi yetu hakuna mmisionari wa Kilutheri aliyejibu swali hili kwa bidii kuliko Bruno Gutmann, aliyetumika miongoni mwa Wachagga wa Kilimanjaro. Jina lake hutajwa mara nyingi madarasani na katika sherehe za jubilei, ila mafundisho yake hayapimwi mara nyingi. Wengine humsifu kuwa ndiye mzungu aliyeheshimu mila zetu. Wengine humpuuza kuwa ni mtu wa zama za ukoloni. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yanakwepa kazi. Kusudi la makala hii ni kuyapima mafundisho yake kwa Maandiko, kwa maungamo ya Kanisa letu, na kwa hali ya mitaa tunayoitumikia leo, kisha kusema wazi lipi lipokelewe na lipi likataliwe.

2. Mtu na wakati wake

Gutmann alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876. Alitumwa na Misioni ya Leipzig, ambayo ilikuwa imeanza kazi Machame mwaka 1893, naye akafika mwaka 1902. Baada ya kutumika katika vituo vingine, alikaa Kidia, Moshi ya Kale, kwa sehemu kubwa ya utumishi wake. Mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini kufuatia Vita Kuu ya Kwanza. Gutmann alirudi katikati ya miaka ya 1920, akaendelea na kazi mpaka mwaka 1938. Alifariki mwaka 1966.

Maandishi aliyoyaacha ni mengi ajabu. Tutaje machache tu: Dichten und Denken der Dschagganeger (1909) juu ya mawazo na masimulizi ya Wachagga, Gemeindeaufbau aus dem Evangelium (1925) juu ya kuujenga usharika kutokana na Injili, Das Recht der Dschagga (1926) juu ya sheria zao, na Die Stammeslehren der Dschagga, majuzuu matatu yaliyotoka kati ya 1932 na 1938, yaliyohifadhi mafundisho ya jadi waliyopewa vijana. Pamoja na hayo alitafsiri Agano Jipya kwa Kichagga cha Moshi. Hapa pana jambo la kusikitisha. Watu ambao sheria na mafundisho yao yaliandikwa kwa wingi namna hii wameachiwa urithi huo katika Kijerumani kizito, ambacho hata Wajerumani wenyewe hukilalamikia. Wanafunzi wetu humjua Gutmann kwa kupitia vitabu vya wengine: J. C. Winter (1979), Ernst Jäschke (1985), na Klaus Fiedler, ambaye utafiti wake juu ya wamisionari wahafidhina wa Kijerumani katika Tanzania ulitoka kwa Kiingereza mwaka 1996.

Ni lazima tukumbuke pia Ujerumani aliyotoka. Ilikuwa nchi ya viwanda na miji mikubwa, ambamo wakulima waliyaacha mashamba ya baba zao na kuwa vibarua wasiojuana. Huko Leipzig alikuwapo Wilhelm Wundt, mtaalamu wa elimu ya nafsi za mataifa, ambaye mawazo yake yalimgusa sana Gutmann. Alipofika Kilimanjaro, akakuta watu wakikaa vihambani, kila ukoo mahali pake, wakigawana maji ya mfongo kwa zamu. Akaona kwamba amekiona kile ambacho taifa lake limekipoteza. Jambo hili ni ufunguo wa kumwelewa. Aliwatazama Wachagga kwa upendo wa kweli, lakini pia kwa shauku ya mtu anayewatafuta babu zake.

3. Mafundisho yake kwa ufupi

Gutmann alifundisha kwamba mwanadamu hakuumbwa awe mmoja mmoja, kama punje za mchanga. Wazee wetu husema: mtu ni watu. Gutmann aliliona hili kuwa kweli ya uumbaji wenyewe. Mungu amemfunga mwanadamu kwa vifungo vitatu vya asili. Cha kwanza ni ukoo, yaani kifungo cha damu. Cha pili ni ujirani, yaani kifungo cha ardhi wanayoishi pamoja. Cha tatu ni rika, yaani kifungo cha wale waliokua pamoja na kufundwa pamoja. Ndani ya vifungo hivyo mtu hujifunza kutii, kusaidia, kusamehe na kuwajibika.

Injili, kwa maoni yake, haiji kuvikata vifungo hivi, bali kuvitakasa na kuvitimiza. Kwa hiyo mmisionari anayewatoa watu mmoja mmoja katika jamii yao, akawakusanya kama wanachama wa chama, anaharibu kazi ya Muumba kabla ya kuihubiri kazi ya Mkombozi. Adui mkubwa aliyemwona ni ustaarabu wa Ulaya pamoja na fedha zake, mikataba yake na vyama vyake, ambao humfanya kila mtu kuwa pekee kisha humuuzia njia za kujitegemea.

Mafundisho haya hayakubaki vitabuni. Katika usharika wa Moshi majirani walipewa wajibu wa kutunzana na kupatanishana chini ya wazee wao. Vijana wa kipaimara walifungwa pamoja katika undugu uliofuata mfano wa rika, wakiwa kama wapiganaji wanaokingana kwa ngao moja, nao waliendelea kuwajibika wao kwa wao hata baada ya kupokea kipaimara. Kijana hakuthibitishwa peke yake mbele ya madhabahu na kupotea kesho yake. Alikuwa na mwenzake aliyepaswa kumwuliza habari zake.

4. Yanayostahili kupokelewa

Kabla ya kupinga, tutoe haki inayostahili. Gutmann aliona mapema jambo ambalo Kanisa zima lilikuja kuliona baadaye: kwamba usharika usio na mahali pa watu kujuana kwa majina hugeuka kuwa mkutano wa Jumapili. Wenzetu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walifikia hatua hiyo mwaka 1976, maaskofu wa AMECEA walipoamua kuzifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa kazi ya kichungaji. Nusu karne kabla yao, mzee wa kanisa huko Kidia alikuwa tayari akihesabu jirani zake kuwa kundi lake.

Aidha, mafundisho haya yana mizizi katika urithi wetu wa Kilutheri kuliko inavyodhaniwa. Katika Makala ya Smalkald ya mwaka 1537, Luther anazitaja njia ambazo Injili hutufikia: neno lihubiriwalo, ubatizo, Chakula cha Bwana, mamlaka ya funguo, kisha anaongeza mazungumzo na faraja ambayo ndugu hupeana wao kwa wao. Katika dibaji ya Misa ya Kijerumani ya mwaka 1526 alitamani kuwapo kwa makusanyiko ya nyumbani kwa wale wanaotaka kuwa Wakristo kwa dhati, ila akasema hakuwa bado na watu wa kulianza. Na katika Katekisimo Kubwa, akifafanua amri ya kuwaheshimu baba na mama, anafundisha kwamba mamlaka nyingine zote za duniani hutoka katika ule uzazi. Kwa hiyo Gutmann hakutunga jambo geni alipoiheshimu nyumba na ujirani.

Kumbuka tena onyo la Bwana wetu katika Marko 7:9-13. Hapo anawakemea watu wanaotumia sadaka kama kisingizio cha kuwaacha wazazi wao. Dini inayomfanya mtu amsahau mama yake si dini ya Kristo. Mhubiri wa siku hizi anayewafundisha vijana kwamba ndugu zao wote ni wachawi na kwamba wokovu ni kuukimbia ukoo, angefaa kukaa miguuni pa Gutmann kwa muda.

5. Yanayostahili kupingwa

5.1 Vifungo visivyo na historia

Hoja yetu ya kwanza inahusu ukweli wa picha yenyewe. Gutmann anaandika juu ya vifungo vya asili kana kwamba vilidumu bila kuguswa mpaka fedha za kizungu zilipofika. Lakini yeye alifika mwaka 1902, na tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alikuwa amenyongwa na Wajerumani hapo hapo Moshi ya Kale, pamoja na viongozi wengine. Kodi ilikuwa imekwisha kuwekwa, na watu walikuwa wakitolewa kwenda kufanya kazi za wageni. Jamii aliyoikuta ilikuwa jamii iliyopigwa. Tena kabla ya Wajerumani, himaya za mlimani zilikuwa zimepigana zenyewe kwa zenyewe kwa miaka mingi, na misafara ya pembe na watumwa ilikuwa imepita chini yake.

Basi, anayesema juu ya kifungo cha ardhi bila kusema ni nani aliyeitwaa ardhi, na juu ya heshima kwa wazee bila kusema ni wazee gani walioondolewa kwa kamba, amesema nusu ya kweli. Nusu hiyo yaweza kuwa faraja kwa mtawala. Gutmann aliulaumu ustaarabu wa Ulaya kwa maneno makali, na hilo tunalikiri. Lakini aliulaumu kwa sababu ya fedha na upweke wake. Dhuluma ya dola haikupata nafasi ya kutosha katika theolojia yake. Misioni katika jamii ambayo haitaji dhuluma iliyoipata jamii hiyo, hujenga usharika juu ya jeraha lisilosafishwa.

5.2 Waliosahauliwa na ukoo

Hoja ya pili ni ya kichungaji. Ukoo una mlango wa kuingilia, na una mlango wa kutolea. Sauti tunayoisikia zaidi katika vitabu vya Gutmann ni sauti ya wazee wanaume. Ni nani anayesema kwa niaba ya mwana wa katikati? Katika desturi ya Kichagga, kifungua mimba na kitinda mimba ndio waliopewa upendeleo katika urithi wa kihamba. Ardhi ilipokuwa tele, wa katikati alikwenda kufungua kihamba kingine. Kahawa ilipoingia na vihamba vikajaa, hakuwa na pa kwenda. Sally Falk Moore, katika utafiti wake wa mwaka 1986 juu ya sheria za Kilimanjaro kwa muda wa miaka 100, ameonyesha kwamba ukoo ule ule uliokuwa kimbilio ndio uliogeuka kuwa chombo cha kuwasukuma nje walio dhaifu. Desturi ilibaki na jina lake, lakini kazi yake ilibadilika.

Na mjane? Kila mchungaji aliyetumika kijijini amekaa katika vikao vya baada ya maziko, ambapo ndugu wa marehemu hujadili shamba huku mjane akiwa jikoni. Mahakama Kuu huko Mwanza, katika shauri la rufaa la mwaka 1989 kutoka Bukoba, iliamua kwamba mwanamke asinyimwe haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa sababu tu ni mwanamke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ikabatilisha desturi zinazomnyima mwanamke haki ya ardhi. Ni aibu kwetu kwamba hakimu na Bunge walisema wazi yale ambayo mimbari nyingi ziliyanong'ona. Tukifundisha kwamba ukoo ni kifungo kilichowekwa na Mungu na kwamba Injili huutimiza tu, mjane huyu ataletewa Injili ikiwa upande wa shemeji zake.

Tena wapo wasio na ukoo kabisa mahali walipo: kibarua wa mashamba ya tambarare, msichana wa kazi aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, mlinzi wa usiku. Katika usharika uliojengwa kwa damu na ardhi, watu hawa watabaki kuwa watu wa kuja hata wakibatizwa na kukaa miaka 30.

5.3 Vifungo vya hiari

Tatu, Gutmann alikosea alipodhani kwamba kifungo ambacho mtu amejichagulia ni lazima kiwe dhaifu. Wachagga wenyewe walimjibu kwa matendo. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, na Joseph Merinyo, Mlutheri wa Moshi ya Kale, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 1933 ushirika wa KNCU ukachukua nafasi yake. Watu hawa hawakuwa wameacha koo zao. Walitengeneza kifungo kipya, chenye katiba na hesabu, ili waweze kusimama mbele ya mnunuzi na serikali.

Jambo la namna hiyo linaonekana katika suala la mila pia. Fiedler ameonyesha kwamba mara nyingi mmisionari ndiye aliyetaka mila zidumu, na Wakristo wenyeji ndio waliotaka mabadiliko. Katika suala la jando walikuwapo Wakristo Wachagga waliotaka desturi ile iachwe, naye Gutmann hakukubaliana nao. Twauliza: ni nani aliye na haki ya kusema asili ya watu ni ipi? Husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtu anayekatazwa na mgeni kuiacha asili yake, yeye naye yu huru kwa kiasi gani?

Tutazame makanisani mwetu leo. Mahali ambapo kijana wa Kilutheri hufundwa, huonywa, huchumbia na huzikiwa wazazi wake ni kwaya. Kwaya ndiyo rika la siku hizi. Wanawake wana umoja wao, na majirani wana vikundi vya kuweka akiba na vya kufa na kuzikana. Gutmann angeviita vyama, kwa dharau. Sisi twaona kwamba humo ndimo mzigo wa mwenzio unamobebwa, na kwamba mtu anayeugua huletewa uji na wanakwaya mapema kuliko na binamu zake.

5.4 Uumbaji na ukombozi

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu yake ya saba, linafundisha kwamba Kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili huhubiriwa kwa usafi na sakramenti hutolewa kama ipasavyo. Na kwamba kwa umoja wa Kanisa hayo yanatosha, wala si lazima mapokeo ya kibinadamu yafanane kila mahali. Neno hilo, yanatosha, lina makali pande mbili. Upande mmoja linamlinda Mchagga asilazimishwe kuwa Mjerumani ili awe Mkristo. Hapo Gutmann yu salama. Upande wa pili linakataza damu, ardhi au rika kuingizwa katika maana ya Kanisa kama sharti jingine. Hapo Gutmann anayumba, kwa kuwa katika mafundisho yake mstari kati ya usharika wa Kristo na jamii ya wenyeji unafifia mpaka ni vigumu kuuona.

Hatari hii ilitambuliwa zamani. Mholanzi J. C. Hoekendijk, katika kitabu chake cha mwaka 1948 juu ya Kanisa na taifa katika elimu ya misioni ya Kijerumani, aliwapinga Gutmann na Christian Keysser wa Neuguinea kwa kulipa taifa heshima ambayo Maandiko hayakulipa. Aliandika baada ya vita ambayo ilikuwa imeonyesha mahali damu na ardhi zinapofika zikipewa kiti cha enzi. Sisi hatukukusudia kuihukumu siasa ya Gutmann, tunapima mafundisho. Nasi hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta kipimo. Mwaka 1994, nchini Rwanda, watu waliobatizwa waliuawa na watu waliobatizwa, hata ndani ya makanisa, kama Ntarama na Nyamata. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Katika makanisa yale methali hiyo iliaminiwa kuliko maji ya ubatizo. Baada ya hapo, mwalimu wa theolojia wa Afrika Mashariki hawezi tena kusema kwamba Injili huvitimiza vifungo vya damu, akaishia hapo.

Maandiko yanakwenda mbali zaidi. Mama na ndugu zake Yesu walipomwita wakiwa nje, yeye aliwatazama walioketi kumzunguka na kuwaita hao ndugu zake (Marko 3:31-35). Mwanasheria alipouliza jirani ni nani, aliyeonyeshwa hakuwa mwenzake wa kihamba. Alikuwa Msamaria aliyekuwa safarini (Luka 10:25-37). Filemoni hakuambiwa amwachilie Onesimo arudi kwao, bali ampokee kama ndugu. Vifungo vya asili ni kazi ya Mungu Muumba, nasi twamshukuru kwa ajili yake. Lakini vimeanguka pamoja nasi. Vinahitaji sheria ya Mungu ili vishtakiwe, na Injili ili visamehewe, kabla havijafaa kutumika.

6. Jibu kutoka ndani

Yapo majibu mawili kwa Gutmann yaliyotoka kwa Waafrika wenyewe, na twaona yana uzito kuliko yale ya Ulaya.

La kwanza ni Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukafika Bukoba mwishoni mwa miaka hiyo, kisha sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Watu walioungama dhambi zao hadharani waliitana ndugu bila kujali ukoo, kabila wala rangi. Walikesha pamoja, walikopeshana, waliozesha watoto wao, walizikana. Uamsho nao ulikuwa na makosa yake: ulikuwa mwepesi kuhukumu, tena mara kwa mara uliwatenga wale ambao ushuhuda wao haukufuata desturi ya kundi. Hata hivyo ulithibitisha kwamba Roho Mtakatifu anaweza kuumba ukoo mahali ambapo hapakuwa na damu.

La pili ni la Josiah Kibira, aliyekuwa askofu huko Bukoba tangu mwaka 1964, na Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, kuanzia 1977 hadi 1984. Mwaka 1974 alitoa kitabu Church, Clan, and the World. Jina lenyewe la kitabu lina hoja. Gutmann aliweka vitu viwili, Kanisa na ukoo, akataka vishikamane. Kibira anaongeza cha tatu, ulimwengu. Yeye alizaliwa ndani ya ukoo wa Kihaya, akalelewa kiroho na Uamsho, kisha akaongoza Kanisa lenye sharika katika kila bara. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kuutamani ukoo kama kitu kilichopotea. Aliujua joto lake na moshi wake. Swali lake linabaki kwetu: ukoo huu, ukiisha kubatizwa, umetumwa kwa nani?

Hata nje ya Kanisa, Mwalimu Nyerere katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya ujamaa alianzia mahali alipoanzia Gutmann, yaani katika jamaa ya Kiafrika, lakini akasisitiza kwamba mipaka ya jamaa hiyo ipanuliwe ipite kabila na taifa. Tunaweza kubishana juu ya yale yaliyofuata. Lakini juu ya jambo hili moja mwanasiasa aliielewa amri ya upendo kuliko mmisionari.

7. Mtaa wa leo

Haya yote yanahusu kazi ya kila wiki. Mlimani Kilimanjaro, mwezi wa Desemba, makanisa hujaa watu waliorudi kutoka mijini. Watoto hubatizwa, ndoa hufungwa, makaburi ya wazee husafishwa. Januari ikifika wanabaki wazee, wajukuu na wafanyakazi wa nyumbani. Mjini nako wengi huabudu kama wageni, kwa kuwa mioyo yao iko kihambani. Akifariki, mwili husafirishwa usiku kucha, na usharika wa mjini uliomlisha Chakula cha Bwana kwa miaka 20 humwaga kwa saa moja. Hapa Gutmann angesema: mnaona, kifungo cha ardhi hakikatiki. Ndivyo. Lakini sisi tunauliza: usharika wa mjini umefanya nini ili nao uwe nyumbani?

Jambo lingine ni utawala wa Kanisa. Mgogoro wa Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao uliwagawanya waumini wa Bwana mmoja mpaka wakaumizana, ulitufundisha kwamba mpaka wa dayosisi unapofuata mpaka wa kabila, kila swali la uongozi na mali hugeuka swali la sisi na wao. Dayosisi zetu nyingi zimerithi mipaka ya namna hiyo kutoka kwa vyama mbalimbali vya misioni. Hatuwezi kuifuta kwa siku moja. Twaweza kukataa kuihubiri kana kwamba ni agizo la Mungu.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mtaa uhesabiwe kwa ujirani na si kwa ukoo. Kwamba katika kila kundi la ibada ya nyumbani, zamu ya kuwapokea majirani imfikie pia mpangaji wa chumba kimoja, hata kama hana viti vya kutosha. Kwamba vijana wa kipaimara wafungwe wawili wawili au watatu watatu, kwa mfano wa Gutmann, lakini kwa kuwachanganya makusudi watoto wa koo, makabila na hali mbalimbali. Na kwamba baraza la wazee liwe na wajibu ulioandikwa wa kuhudhuria kikao cha ukoo baada ya maziko, kumsemea mjane na yatima. Jambo la mwisho litawaudhi baadhi ya wafadhili wakubwa wa sharika zetu. Na liwaudhi.

8. Hitimisho

Gutmann alitufundisha kwamba mtu hawezi kuokolewa kana kwamba hana mama, jirani wala wenzake. Tulipokee hilo kwa shukrani. Hakutufundisha vya kutosha kwamba mama, jirani na wenzake nao wanahitaji kuokolewa, wala kwamba wapo wasio na hao watatu na bado ni wa nyumba ya Mungu (Waefeso 2:19). Hilo tumejifunza kwa Maandiko, kwa Uamsho, kwa Kibira, na kwa machozi ya jirani zetu.

Limebaki deni moja. Majuzuu ya Die Stammeslehren na kitabu cha Das Recht der Dschagga ni mali ya wajukuu wa wale waliozungumza na Gutmann. Yafaa vyuo vyetu vya theolojia viandae tafsiri ya Kiswahili, japo ya sehemu teule, yenye maelezo na uhakiki, ili mjadala huu usiwe wa wasomi wachache wajuao Kijerumani. Mwinjilisti wa Kidia ana haki ya kusoma yaliyosemwa na babu yake, na kusema kama yalinukuliwa sawasawa.